Duara za Chaki kwa Hajjati Jalia

Jumatatu, 19 Agosti 2024. Koboko

Nimenunua daftari hili leo jioni kwa sababu nina hasira na sina wa kumwambia. Naandika Kiswahili, kile alichonifundisha baba yangu aliyekuwa askari. Adrabo, mpaka rangi mwenzangu, anakisema tangu asubuhi hadi jioni lakini kukisoma hawezi, kwa hiyo humu niko salama.

Kisa ni milango. Nyumba ya Hajjati Jalia imekwisha, bati liko juu na sakafu inang'aa. Mwanawe Nasiri anaoa tarehe 12 Oktoba na bibi harusi, Zulaika, ataletwa humu humu. Leo lori limefika na milango kumi na mmoja ya chuma, rangi ya maziwa, kutoka Kampala. Walioipakia hawakuweka hata gunia katikati. Imesuguana njia nzima, imefika kama imetoka kupigana.

Hajjati alipita na chaki. Kila mkwaruzo aliuzungushia duara. Alipomaliza nilizihesabu: arobaini na moja. Akamgeukia Acidri, mkandarasi wetu.

"Acidri, mimi hapana nunua mlango ya vita. Rudisha yote."

Kurudisha ni miezi miwili. Harusi itapita, bibi harusi ataingia nyumba isiyo na milango. Acidri alikuwa anajikuna kichwa, na mimi, mdomo wangu ukitangulia akili kama kawaida, nikasema, "Bosi, mimi nitatengeneza. Hakuna mutu ataona kitu."

Hajjati akanitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani. "Wewe ni nani?"

"Candiru, Hajjati."

Anakijua Kilugbara vya kutosha kujua maana ya jina langu. "Mutu wazazi yake waliita Taabu, ndiyo itanitengenezea mlango?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa shingo upande.

Baadaye Acidri akaniita pembeni. "Sikiliza. Kazi ya madarasa kule Ombaci iko inaanza Novemba. Hajjati akipokea nyumba bila alama hata moja, wewe ndiyo mukubwa ya rangi kule. Akikataa, unarudi kukoroga rangi ya Adrabo."

Miaka sita nimekoroga rangi ya Adrabo. Sitaki wa saba.

Alhamisi, 22 Agosti

Mvua. Duara 41.

Jumanne, 27 Agosti

Adrabo anasema mkwaruzo ni kazi ya brashi. Ni kweli anaijua brashi, lakini mlango uliopigwa rangi kiwandani ni laini, na brashi huacha mistari utadhani kuku amepita. Nikamwambia hapa panatakiwa kopo la kupuliza.

"Kopo ya kupuliza ni ya kuua mende," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Nikataka kumwonyesha leo leo. Nikaomba kopo kwa jamaa wa gereji, rangi ya magari, inayokaribiana na maziwa. Nikapuliza mlango wa stoo. Dakika tano nilikuwa malkia. Dakika ya sita rangi ya chini ikaanza kuinuka, ikakunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Kumbe rangi ya gari ni kali, inaila rangi ya mafuta iliyo chini yake. Hilo ningeweza kumwuliza yule jamaa kabla, lakini niliuliza baada.

Hajjati alipita saa kumi. Mlango wa stoo aliuzungushia duara mbili, moja ndani ya nyingine.

Adrabo alinitazama tu huku akitafuna muhogo, na hilo liliniuma zaidi.

Ijumaa, 30 Agosti. Arua

Nimekuja Arua asubuhi. Kuna duka la rangi la mtu anaitwa Sulaiti, mpole, hauzi kitu kabla hajakuhoji kama polisi. Unapaka juu ya nini? Chuma. Chuma tupu au kina rangi? Kina rangi. Rangi gani? Ndani au nje? Mvua inapiga au haipigi? Kuna mahali chuma kimeonekana?

Akanitolea kopo analoliita la kila kazi. "Hii inakubali chuma, mbao, plastiki. Haigombani na rangi ya zamani. Mahali chuma iko wazi, kwanza piga hii ya kijivu ya kuzuia kutu, halafu ndiyo hii."

Akageuza makopo juu chini, akasoma namba za kitako moja moja. Akanichagulia manne yenye namba ile ile, kwani maziwa ya sanduku moja si maziwa ya sanduku lingine. Mwisho akaniambia, "Rangi ya kifuniko usiiamini. Jaribu mahali hapaonekani, ngoja ikauke kabisa."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayewahi gari.

Jumanne, 3 Septemba

Jua zuri! Nimejaribu nyuma ya mlango wa jikoni, ikatoka sawa kabisa, nikaimba. Nimepuliza milango mitatu kabla ya mvua ya saa tisa.

Jumatano, 4 Septemba

Imekauka. Si maziwa. Ni samli.

Milango mitatu ina mabaka ya samli. Nilipoyaona asubuhi nilikaa chini sakafuni, nikalia kidogo, halafu nikaona aibu kulia kwa sababu ya kopo.

Hajjati akaja na chaki yake. Nilingoja matusi. Akapiga duara tisa, polepole, halafu akasema, "Njoo."

Akanipeleka barazani kwake, nyumba ya zamani, hatua ishirini kutoka kwenye kazi yetu. Kumbe mama huyu anasuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya Wanubi vyenye rangi mpaka macho yanacheza. Mkeka mzima ulikuwa umejaa nyuzi za ukindu alizozitia rangi mwenyewe. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kimepinda kwa ndani, kwa sindano ya miaka arobaini, kinakaa kama ndoana.

Akachovya ukindu mmoja kwenye rangi nyekundu, akauinua unachuruzika. "Hii ni rangi gani?"

"Nyekundu kama damu."

"Hapana. Hii iko maji." Akanionyesha mwingine, uliochovywa jana kwenye sufuria ile ile. Ulikuwa kama tofali. "Rangi ikiwa na maji inakudanganya. Wacha ilale. Asubuhi itasema jina yake. Na usiangalie kwa jua peke yake. Angalia kwa jua, angalia kwa kivuli. Ikikubali mahali mbili, hiyo ni yako."

Halafu akachagua uzi mmoja mweupe kati ya nyuzi nyeupe kama kumi, weupe ambao kwangu ulikuwa mmoja tu. Tukarudi nyumba mpya, akauweka kwenye mlango wa kwanza, mahali pasipo na mkwaruzo. Uzi ukapotea. Sikuuona tena mpaka alipoutoa.

"Peleka hii Arua."

Wiki mbili nimemwita mama huyu nyoka, humu moyoni. Leo nimegundua kwamba anaona tu. Mikwaruzo yote arobaini na moja ilikuwepo kweli.

Jumatatu, 9 Septemba. Ayivu

Sulaiti aliupenda ule uzi wa ukindu kuliko alivyonipenda mimi. Tumepuliza rangi za maziwa sita kwenye vifuniko vya debe. Nimelala kwa shangazi yangu Rosina hapa Ayivu, vifuniko nimevipanga ukutani mbali na muhogo wake anaouanika. Asubuhi kimoja tu kilikubali juani na kivulini. Shangazi aliniuliza kama nimeokoka dhehebu jipya, jinsi nilivyokuwa nainama mbele ya ukuta.

Makopo yale matatu ambayo sikuyafungua amenibadilishia. Nimerudi na matano, namba moja kitakoni.

Jumanne, 17 Septemba

Mvua siku nne. Leo nilikosa subira, nikapuliza hewa ikiwa imejaa maji. Ikakauka na ukungu mweupe juu, kama kioo ulichokipumulia. Msasa, kufuta, kuanza upya. Duara 38.

Jumatano, 18 Septemba

Mvua.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua, na Adrabo anaimba.

Jumanne, 24 Septemba

Duara 17!

Sasa nimeielewa kazi. Saa tano mpaka saa tisa ndiyo saa zangu, kabla yake kuna umande na baada yake kuna mvua. Naosha mlango kwa sabuni kutoa mafuta ya mikono. Napiga msasa kingo za mkwaruzo mpaka kidole kikipita hakisikii ngazi. Nafuta vumbi. Chuma kikionekana, kwanza ile ya kijivu. Natikisa kopo mpaka goroli la ndani liimbe, halafu natikisa dakika nzima tena, hapo Adrabo hujifanya anacheza ngoma. Nasimama shubiri moja na nusu kutoka mlangoni. Naanza kupuliza nje ya jeraha na kumalizia nje ya jeraha, nyembamba, nyembamba, mara tatu. Anayetaka kumaliza kwa mara moja hupata machozi ya rangi yanayochuruzika mpaka chini.

Siri kubwa ni kadibodi. Natoboa tundu, nainua mbele ya mkwaruzo bila kuigusisha, napuliza kupitia tundu lile. Rangi inafifia pembeni yenyewe, na huoni ilipoanzia. Mkwaruzo ulio mwembamba kama unywele sipulizi kabisa, natia rangi kidogo kwenye kifuniko na kuigusisha kwa njiti ya kiberiti.

Hajjati hupita kila siku saa kumi. Duara niliyoimaliza huifuta kwa ncha ya mtandio wake. Nimeanza kusubiri saa kumi kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa hesabu.

Jumatano, 2 Oktoba

Duara 3. Adrabo ameamka mapema akaja kuniambia upepo unatoka Congo, kwa hiyo mvua itachelewa. Alishika turubai mlangoni saa mbili nzima ili vumbi lisiingie. Nilimwuliza kulikoni. Akasema turubai ni zito, mimi nina mikono ya kuku.

Jumanne, 8 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Ulibaki mlango mmoja, wa chumba cha bibi harusi. Nilikuwa nimeuacha wa mwisho makusudi ili uwe mzuri kuliko yote. Saa saba niliupuliza mkono wa mwisho wa rangi, mbele na nyuma. Ulikuwa mbichi kabisa, chumba kimejaa mvuke, makopo mawili yako sakafuni. Nikatoka nje kuvuta hewa na kufungua madirisha kwa upande wa pili.

Nikasikia vigelegele. Wanawake sita wanaingia kwa mlango wa mbele, Hajjati ametangulia, na mkononi ana chetezo cha udongo chenye makaa mekundu na udi juu yake. Kwao chumba cha bibi harusi hakikaliwi kabla hakijafukizwa. Mimi nilijua watafukiza. Nilidhani ni Ijumaa.

Niliwahi kuingia na kuwakuta mlangoni. Moshi ulikuwa tayari umeutanda mlango, na chetezo kiko hatua mbili kutoka kwenye makopo. Sikufikiri. Nikapiga kelele, "Toka! Toka na moto! Toka nje!" Na nikamsukuma Hajjati Jalia begani. Kwa mkono wangu huu.

Akatoka. Wote wakatoka. Nikanyakua makopo nikayatupa nje dirishani kwenye majani. Hajjati alikuwa amesimama uani, mtandio umeanguka mabegani, chetezo bado mkononi. Akanitazama, akageuka, akaenda kwake.

Mlango ulikuwa umemeza moshi. Mabaka ya kahawia, na juu yake chembe za majivu zimenasa kama inzi.

Habari humfikia Acidri kabla ya mvua. Saa tisa alipiga simu nikiwa na Adrabo. "Umefukuza mwenye nyumba nyumbani mwake? Candiru, wacha hiyo kazi. Kesho Adrabo atamaliza na brashi."

Adrabo akaninyang'anya simu. "Bosi, kopo iko na gesi. Moto ikikaribia inapasuka kama bomu. Hii mutoto imetoa wanawake sita ndani ya moto, na wewe unapiga yeye kelele? Mimi brashi yangu hapana gusa hiyo mlango."

Akakata simu ya bosi. Akanirudishia, akasema nisimtazame hivyo, nikatafute msasa.

Samahani, Adrabo, kwa kurasa zote za nyuma.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru, maduka yamefungwa. Nimesugua mlango wote, nimeosha, nimeanza upya. Kopo la nne limekwisha. La tano rangi imebaki kidogo chini, ukilitikisa goroli linagonga tu bati.

Saa kumi Hajjati hakuja.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya hina. Nyumba ya zamani imejaa wanawake na ngoma tangu mchana, harufu ya pilau inanifikia hapa. Sikualikwa, na sikustahili. Nilikaa na mlango wangu. Umekauka, ni maziwa matupu, juani na kivulini. Saa kumi hakuna aliyekuja.

Nimejiandaa kukoroga rangi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo ni siku ya kupokea nyumba, baada ya sala ya Ijumaa.

Nilifika saa moja asubuhi. Kwenye mlango wa bibi harusi, usawa wa kifua, kulikuwa na alama ya mkono, vidole vinne na kiganja nusu, rangi ya chungwa inayoelekea kahawia. Hina. Mtu alikuja jana jioni kugusa kama rangi imekauka, akiwa na mkono mbichi.

Nilitaka kupiga yowe. Halafu nikatazama vizuri. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kwa ndani kama ndoana.

Kwa hiyo alikuja. Alingoja nikaondoka, akaja kuuona mlango wangu. Nilicheka peke yangu pale chumbani, na mwisho wa kicheko macho yalikuwa na maji.

Sikumwambia mtu. Nikafuta kwa kitambaa na sabuni, ikabaki rangi iliyozama. Msasa laini. Nikangoja ikauke. Nikapitisha ile ya kijivu, nyembamba sana, ili hina isipande juu tena. Saa tano kopo la tano lilikuwa na pumzi chache. Nikainua kadibodi yenye tundu. Kidole kimoja, kidole cha pili. Kwenye kiganja kopo likaanza kukohoa. Nikaligeuza, nikalitikisa, nikaliombea. Likatoa mkono wa mwisho, mwembamba, likanyamaza. Kilichobaki ndani ya kifuniko nilikigusisha kwa njiti, nukta kwa nukta, mahali pa kile kidole kilichopinda.

Mvua haikunyesha. Adrabo anasema alizungumza nayo.

Saa tisa wakaja: Acidri na shati jeupe, Nasiri, dada wawili wa Hajjati, na Hajjati mwenyewe, chaki mkononi. Mimi nilisimama nyuma ya Adrabo. Akapita mlango wa kwanza. Wa pili. Alikuwa anainama, anasogea kivulini, anarudi juani. Wa stoo, ule uliokunjamana, aliupitishia kucha. Chaki haikugusa kitu. Milango kumi.

Kwenye wa bibi harusi akasimama muda mrefu. Halafu akainua chaki akapiga duara. Kubwa, usawa wa kifua.

Acidri akanitazama kwa jicho la kusema Ombaci imekwenda.

"Acidri," Hajjati akasema, "hapa iko alama. Tafuta."

Acidri akasogea. Akavaa miwani. Akapitisha kidole ndani ya duara, akafungua mlango kutazama kwa mwanga, akaufunga. "Hajjati, nisamehe. Mimi sioni kitu."

"Nasiri, wewe tafuta."

Nasiri naye hakuona. Dada wawili wa Hajjati wakasogeza nyuso mpaka karibu kuubusu mlango. Hakuna.

Hajjati akainua mkono wake wa kulia, umeiva hina mpaka kwenye kucha. "Jana nilishika hapa na hii mkono. Nilikuja kuangalia kazi ya mutu alinisukuma. Nilichafua mlango yake, nikaona haya, nikakimbia kama mwizi." Akanigeukia. "Binti, ule moto wa juzi. Adrabo alinieleza. Ulipiga kelele vizuri."

"Nisamehe kwa bega, Hajjati."

"Bega iko. Ningebaki mle, sijui kama ingekuwa." Akamwambia Acidri, "Nyumba nimepokea. Na hii mutoto, usimrudishe kukoroga."

"Ombaci ni yake," Acidri akasema, haraka, kama vile lilikuwa wazo lake.

Adrabo akanikanyaga mguu. Ndivyo anavyopongeza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimevaa gauni la kanisani na viatu vya kubana. Zulaika ameingizwa kwa ngoma na vigelegele. Safari hii udi umefukizwa chumba kizima, na mimi ndiye niliyekibeba chetezo, Hajjati alinikabidhi mbele ya watu wote.

Nilipofika mlangoni niliona duara ya chaki bado ipo. Mlango mpya, siku ya harusi! Nikatoa kitambaa, nikainua mkono kuifuta.

Hajjati akanipiga kofi la mkononi. "Acha hiyo."

"Hajjati, wageni watauliza ni nini."

"Wataniuliza," akasema, "hapa ndani iko nini. Na mimi nitawajibu: iko Candiru."